Video ya mkupuo mmoja: jinsi ya kuficha maungio, na wakati wa kutoyaficha

Vijana wengi wa kwaya zetu wanapenda video inayoonekana kama kamera haikuzimwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi ni vipande vilivyounganishwa, na maungio yamefichwa. Ufundi huu ni wa zamani. Mwaka 1948 Alfred Hitchcock alitengeneza filamu ya Rope. Mkanda wa kamera ulidumu dakika 10 hivi tu, kwa hiyo mara kadhaa kamera ilisogea mpaka mgongo wa mwigizaji ukajaza picha. Mkanda ukabadilishwa, wakaendelea kutoka mgongo uleule. Mwaka 2001 Aleksandr Sokurov alirekodi Russian Ark kwa mkupuo mmoja wa kweli, karibu saa moja na nusu.

Kwetu simu inatosha. Tuseme wimbo unaanza Kasongo na kumalizika Kabambare.

Sauti. Rekodini wimbo wote kwanza, mahali patulivu. Wakati wa kupiga picha, uchezeni kwa spika na kwaya iufuate. Baadaye sauti hiyo moja itawekwa chini ya vipande vyote. Sikio lisiposikia mkato, jicho nalo husamehe.

Maungio. Huko Kasongo, sogezeni simu mpaka mgongo wa mwimbaji ufunike kioo chote. Huko Kabambare, anzeni na mgongo wenye nguo ya rangi ileile, kisha rudini nyuma polepole. Shina la mti, ukuta au giza la mlangoni hufaa pia. Mwendo usikatike: kama mlikuwa mkienda kulia, endeleeni kulia, kwa kasi ileile.

Mwanga. Pigeni picha saa ileile ya siku, ili vivuli vilingane. Shikeni kidole juu ya kioo mpaka simu ifunge mwanga, la sivyo picha itang'aa ghafula na kuonyesha kiungo.

Mkono. Viwiko vikae mbavuni, magoti yalegee, hatua ziwe fupi.

Sasa neno moja kwetu sote. Kati ya Kasongo na Kabambare kuna barabara ya udongo, na wakati wa mvua pikipiki hukwama katika matope. Katika video safari hiyo yote hupita nyuma ya mgongo mmoja. Kwa wimbo hakuna ubaya. Kila mtu anajua ni wimbo.

Lakini ushuhuda wa mama aliyekimbia kijiji chake, ugawaji wa chakula, au hesabu ya mabati ya kanisa ni jambo lingine. Anayetazama anaamini ameona mabati yote yakihesabiwa bila kukatizwa. Tukificha kiungo hapo, tumeficha jambo ambalo alikuwa na haki ya kuliuliza, na siku akigundua hataamini hata video ya kweli. Basi katika ushuhuda na hesabu, mkato uonekane wazi, na maandishi yataje mahali na tarehe ya kila kipande.

Hata kwenye wimbo, andikeni mwishoni: umerekodiwa Kasongo na Kabambare.