Fremu ya mlango wa kuchonga, kusimika upya
Kazi ya kuirudisha ukutani fremu nzito iliyookolewa kwenye nyumba ya kale. Milango ya namna hii ilipamba nyumba za Kilwa Kivinje, mji wa biashara wa karne ya 19 ulio kaskazini ya Kilwa Masoko. Kimila fremu husimamishwa kwanza, ndipo ukuta wa mawe ya matumbawe ujengwe kuizunguka. Kuichomeka kwenye ukuta uliokwisha simama ni kazi ngumu zaidi.

Fundi huanza na kizingiti cha chini, akikisawazisha kwa pimamaji. Hapa pasifanyiwe haraka: mbawa za mlango hazina bawaba, huzunguka kwa ncha za mbao ndani ya matundu ya vizingiti, na uzito wote hutua chini. Mwimo ukiinama kidogo tu, ubawa hukwaruza sakafu. Juu huwekwa boriti za kubeba ukuta ili nakshi zisielemewe. Mianya huzibwa kwa chokaa. Saruji ni ngumu mno kwa matumbawe na hufungia unyevu unaoozesha mbao.

Si kila mwimo ni wa mbao: Kilwa Kisiwani, Urithi wa Dunia tangu 1981, miimo mingi ni ya matumbawe laini, yaliyochongwa yakiwa mabichi kabla hayajakauka na kuwa magumu.