Tafakari ya Juma: Pasipo Kuacha Shaka



Juma hili tunawaalika kutafakari swali ambalo waamini wengi wa bonde letu la Kilombero walibaki nalo tangu mwaka 2009: yawezekanaje watu wanne wauawe, kisha mahakama isimtie hatiani hata mshtakiwa mmoja?

Tukumbuke yaliyotokea. Mwezi Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi mmoja walikamatwa na polisi jijini Dar es Salaam, wakauawa. Watu wa Mahenge ni ndugu zetu. Barabara yao ya kwenda Dar es Salaam hupita hapa Ifakara, na Jimbo letu lenyewe lilizaliwa mwaka 2012 kutoka Jimbo la Mahenge. Polisi walitangaza kwamba marehemu walikuwa majambazi waliokufa katika kurushiana risasi. Ndugu zao walikataa. Rais Jakaya Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, na baada yake maafisa na askari polisi walishtakiwa kwa mauaji ya kukusudia, akiwemo Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa.

Tarehe 17 Agosti 2009, Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu aliwaachia huru Zombe na wenzake wanane. Hakusema kwamba marehemu walistahili kufa. Alisema kosa halikuthibitishwa dhidi ya wale waliosimama mbele yake, na kwamba wauaji halisi watafutwe. Wengi walilia, wengine wakasema haki imezikwa pamoja na marehemu.

Tuelewe basi kanuni yenyewe. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Sheria ya Ushahidi inaidai Jamhuri ithibitishe kosa pasipo kuacha shaka yoyote ya maana. Haitoshi kwamba mtu yaelekea alitenda. Haitoshi kwamba tunamchukia. Mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hana hatia, na shaka ikibaki, faida ni yake.

Kanuni hii si ngeni kwa imani yetu. Torati ilikataza mtu kuuawa kwa neno la shahidi mmoja. Katika sura ya 13 ya Kitabu cha Danieli, Susana alikwisha hukumiwa kufa kwa neno la wazee wawili walioheshimika. Danieli akawatenganisha, akamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani. Kila mmoja akataja mti wake, na uongo ukajulikana. Maswali mawili tu yaliokoa uhai.

Hata Kanisa lilipaswa kujifunza. Huko Ulaya mtuhumiwa alishikishwa chuma cha moto au kutupwa majini, na mapadre wakabariki jaribio hilo, mpaka Mtaguso wa Nne wa Laterano ulipowakataza mwaka 1215. Nasi tusiwacheke: katika nchi zetu mtuhumiwa wa uchawi alinyweshwa mwavi, akitapika ni safi, akifa alikuwa mchawi.

Sasa, wapendwa, tuone jambo zito zaidi. Wale wanne walihukumiwa bila shahidi kuulizwa, bila wakili, bila hakimu. Mtu mwenye bunduki aliamua kwamba hakuna shaka. Kanuni iliyotuumiza mwaka 2009 ndiyo hiyo hiyo waliyonyimwa ndugu zetu. Kama ingeheshimiwa siku ile, wangerudi nyumbani. Hatuwezi kuwalilia wao na wakati huo huo kuidharau.

Wala kanuni hiyo haikufunga mlango. Jamhuri ilikata rufaa, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani Christopher Bageni, aliyekuwa afisa wa polisi, ikamhukumu kunyongwa. Zombe alibaki huru. Mahakama ilimpima kila mtu kwa ushahidi uliomhusu yeye. Kuhusu adhabu yenyewe, tukumbuke kwamba mwaka 2018 Papa Fransisko aliirekebisha Katekisimu, akifundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Binadamu huweza kukosea hata pale anapodhani hana shaka.

Tufanye nini? Kwanza, tunaposikia kelele za mwizi, au bibi kizee akitajwa mchawi, tusiokote jiwe. Tumpeleke mtuhumiwa mikononi mwa sheria, tukidai naye aulizwe na asikilizwe. Pili, tuliyeona tusinyamaze. Jamhuri haina macho ila ya raia wake. Shahidi anayejificha humwachia huru muuaji, na anayesema uongo huweza kumnyonga asiye na hatia. Amri ya nane inatugusa sote wawili.

Tuwaombee marehemu wale wanne, familia zao, mahakimu wetu na wote wanaongoja hukumu magerezani. Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Amina.