Kanisa la Embu lilitoka nje

Wasee wa Embu, mkisikia Kigari mnafikiria chuo cha walimu tu. Kumbe wamishonari wa CMS walifika huko 1910, miaka minne tu baada ya Waingereza kuivamia Embu na bunduki. (Hiyo tuiongelee siku ingine.) Mimi namkubali zaidi David Gitari, askofu wa Mount Kenya East kuanzia 1975, dayosisi iliyotoka Embu hadi Marsabit. Alituma wainjilisti kwa wafugaji huko jangwani. KANU ilipoleta kura ya mlolongo, akaipinga mimbarani. Aprili 1989 majambazi wakavamia kwake usiku, akapanda kwa paa akipiga nduru. Mlolongo ukaondolewa 1990. Na kanisa lenu, mkitoka ibada Jumapili, mtaa unawajua kwa nini? Spika?