Mavuno ya Chai na Urefu wa Mchana

Mtu akilifungua daftari la mavuno ya chai ya nchi mbalimbali, akaona ya kuwa hekta moja ya Kenya aghalabu hutoa zaidi ya kilo 2,000 za chai kavu kwa mwaka, ilhali hekta ya Darjeeling, katika vilima vilivyo chini ya Himalaya, hutoa kama kilo 500 tu, huenda akakata hukumu kwamba huku kuna bidii na kule kuna uzembe. Na hukumu hiyo ni dhuluma kwa watu wa Darjeeling walioirithi kazi hii tangu karne ya 19.

Sababu ya kwanza i mbinguni. Mchana ukipungua chini ya saa 11 na dakika 15 kwa majuma kadhaa, mchai hulala. Huko Assam, nchini India, ambako Mskoti Robert Bruce aliiona michai ya mwituni mwaka 1823, siku za kipupwe ni fupi na za baridi, basi tangu Desemba viwanda hunyamaza, watu wakashika visu vya kupogolea mpaka mti uchipue tena. Kericho, nchini Kenya, palipo karibu mno na istiwai, hapaujui usingizi huo: mchumaji huurudia mti uleule kila baada ya siku 7 hadi 14, Januari sawasawa na Julai, akivunja kwa vidole majani mawili na chipukizi lililo kati yake, akiyatupa kikapuni mgongoni bila ya kugeuza shingo. Adui yake ni mvua ya mawe, ambayo huko hunyesha mara nyingi ajabu, na kwa dakika chache huyachanachana majani ya juma zima.

Wala nuru peke yake haitoshi. Mufindi, nchini Tanzania, pana mwinuko na ardhi njema, lakini mvua ikikatika Mei hairudi ila Novemba, na mti hukaa na kiu. Ndiyo maana watafiti wa Ngwazi, kituo cha utafiti wa chai cha hukohuko Mufindi, walijishughulisha na umwagiliaji, na michai iliyonyweshwa wakati wa kiangazi ikaizidi mno ile iliyongojea mawingu.

China, asili ya chai yenyewe, ina mashamba mapana kuliko nchi zote, na wastani wake u chini ya Kenya, kwa kuwa wakulima wengi huko huthamini machipukizi mororo ya mwanzo wa majira kuliko wingi wa majani. Na daftari hupima uzito, halipimi ladha wala bei.

Hata wastani wa Kenya una siri yake. Michai ilipandwa Limuru mwaka 1903, na makampuni yakaingia Kericho katika miaka ya 1920. Lakini Waafrika walizuiwa kuilima kwa biashara mpaka miaka ya 1950, na mamlaka ya wakulima wadogo, KTDA, ikaundwa mwaka 1964. Basi robo ekari ya mkulima wa Murang'a, aliyepewa mbolea kwa mkopo, na shamba la kampuni lenye vipandikizi vilivyoteuliwa, vyote viwili vimetiwa ndani ya tarakimu ile moja.