Kutoka Vugiri mpaka Msasani: dawa ipi ya kugeuza filamu?

Juzi jamaa yangu kaniuliza: akitaka kusafisha filamu nyeusi na nyeupe nyumbani, kwa njia ya kugeuza, anunue dawa gani? Nikamwambia tuanze na historia kidogo.

Kodak walitoa filamu ya 16mm mwaka 1923, nayo ilikuwa ya kugeuza. Yaani filamu ileile iliyopita kwenye kamera ndiyo inayowekwa kwenye projekta. Dawa ya kwanza inatoa picha hasi, ya pili inaifuta, kisha chembe zilizobaki zinapigwa mwanga na kusafishwa upya, inatoka picha chanya. Mteja hakuhangaika, kwani bei ya filamu ilijumuisha kusafishiwa.

Huku kwetu, kati ya 1935 na 1937, Waingereza Notcutt na Latham walitengeneza filamu fupi 35 za 16mm, makao yao yakiwa Vugiri, milima ya Usambara. Vugiri kuna ubaridi. Maelekezo mengi ya dawa za picha yanataka maji ya nyuzi 20. Bomba la Dar mwezi Februari? Sahau!

Kazi hasa iko kwenye dawa ya kufuta. Kwa miongo mingi maabara zilipenda daikromati: haiharibiki upesi na hailainishi sana filamu. Tatizo, ina kromiamu inayosababisha saratani. Sisi tuna chemba tu, na masika ikishika kule Bonde la Mpunga, cha kwako kinahamia kwa jirani. Kwangu haiingii.

Inabaki pamanganeti, ile ya zambarau ya duka la dawa, pamoja na asidi mpya ya betri. Ni rahisi kupatikana, ila inalainisha utando wa filamu, na kwenye joto utando unachubuka. Kwa hiyo poza maji kwa barafu na changanya siku hiyohiyo ya kazi. Vaa glavu, fungua madirisha. Asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si kinyume. Na usithubutu kutumia asidi ya kusafishia choo: ikikutana na pamanganeti hutoa gesi ya klorini.

Maelekezo mengi yaliandikwa na watu wenye maji baridi na mifereji ya majitaka inayofanya kazi. Tukiyanakili bila kuangalia chemba zetu, anayelipa ni jirani. Au mnasemaje?