Lasti Kadi: Safari Ndefu ya Karata Hadi Ufipa

Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa, katika nyanda za Ufipa, ni mji wa njia panda. Barabara inayotoka Sumbawanga hugawanyika hapo: moja huteremka hadi bandari ya Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine huelekea Kasesya, mpakani na Zambia. Katika miji ya namna hii, penye madereva wanaosubiri mzigo na vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria, pakiti ya karata haikosi kazi. Jioni pakiti hiyohiyo huingia nyumbani, na watoto, mama na wajomba huketi mkekani kucheza lasti kadi.

Kanuni ya msingi hushikwa kwa dakika chache. Karata huchangwa, kila mchezaji hugawiwa idadi sawa, moja hufunuliwa katikati na zilizobaki hulazwa kifudifudi. Anayefikiwa na zamu hutupa karata inayolingana na ile ya juu kwa aina au kwa namba. Asiye nayo huokota. Anayemaliza karata za mkononi kwanza ndiye mshindi.

Utamu uko kwenye karata zenye kazi maalumu. Tuseme juu ipo tano ya shupaza. Mchezaji anatupa mbili ya shupaza, na jirani yake anatakiwa kula, yaani kuokota, karata mbili. Lakini jirani naye ana mbili ya kopa. Anaiweka juu, na adhabu inamhamia wa tatu. Penye jokeri adhabu huwa nzito zaidi, na mtu aliyebakiza karata mbili hujikuta na mkono uliojaa. Ree, yaani karata yenye A, kwa kawaida humpa mwenye nayo haki ya kuagiza aina anayoitaka. Kisha ipo sheria iliyoupa mchezo jina: anayebakiza karata moja lazima aseme "lasti kadi" kwa sauti. Akinyamaza na wenzake wakamnasa, anaokota.

Karata hizi zimetoka mbali. Katika jumba la makumbusho la Topkapı mjini Istanbul zimehifadhiwa karata 47 za enzi za Wamamluki wa Misri, mabaki ya pakiti iliyokuwa na karata 52 za aina nne: vikombe, panga, sarafu na fimbo za kuchezea polo. Kutoka nchi za Wamamluki karata zilivuka Mediterania hadi Ulaya katika karne ya 14, na kufikia mwaka 1377 mji wa Florence ulikuwa umeshatunga amri ya kuzidhibiti. Wareno walizirithi aina hizo nne na kuziita copas, espadas, ouros na paus. Walipofika pwani ya Afrika Mashariki na Vasco da Gama mwaka 1498, na hasa walipojikita Mombasa kwa kujenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593, michezo yao iliingia pamoja nao.

Ngome hiyo iliwatoka mwaka 1698. Karata zilibaki. Kiswahili kinasema kopa, shupaza, uru na pau, ingawa wapo wanaoiita pau maua. Picha zilizomo kwenye pakiti za leo ni za mtindo wa Kifaransa, ndiyo maana kopa huchorwa kama moyo wakati jina lake linatokana na kikombe. Neno turufu nalo ni la Kireno, na limezama katika lugha kiasi kwamba kila uchaguzi magazeti huandika juu ya karata ya turufu ya mgombea huyu au yule.

Ushahidi mwingine wa asili hiyo ya Kireno umo katika majina ya zamani ya karata za picha: mzungu wa nne kwa mfalme, mzungu wa tatu kwa jeki na mzungu wa pili kwa malkia. Msomaji anaweza kushangaa kwa nini jeki amepanda juu ya malkia. Jibu lipo katika bisca, mchezo wa Kireno ambamo mfalme huhesabiwa pointi nne, jeki tatu na malkia mbili. Hesabu ya mezani Lisbon iligeuka kuwa jina pwani ya Waswahili.

Lasti kadi ni mtoto wa juzi katika ukoo huo. Ndugu zake wanapatikana karibu kila bara. Wamarekani walikuwa wakicheza Crazy Eights kabla ya katikati ya karne ya 20, Wajerumani wana Mau-Mau, na mwaka 1935 Mwingereza William Henry Storey alibuni Whot!, mchezo wenye pakiti yake maalumu ambao leo unapendwa mno Nigeria. Mwaka 1971 kinyozi Merle Robbins wa Reading, Ohio, alitengeneza Uno baada ya kubishana na mwanawe juu ya sheria za Crazy Eights. Familia ilichanga dola 8,000 na kuchapisha pakiti 5,000. Baadaye aliuza haki za mchezo kwa dola 50,000 pamoja na senti 10 kwa kila pakiti, na mwaka 1992 kampuni ya Mattel ikauchukua.

Pakiti ya asili ya Uno ina karata 108, na baadhi yake zimechapishwa maagizo: okota mbili, ruka, geuza. Mchezaji wa Matai anapata mambo yaleyale kwa pakiti ya kawaida ya karata 52 na jokeri zake. Maagizo yamo kichwani mwake, na wenzake mezani wanayajua vilevile.

Kwa kuwa sheria zinakaa kichwani, kila nchi imezipika kivyake. Kenya, ambako mchezo huitwa kadi au poka, mbili na tatu hulisha, jeki humrusha mchezaji, mfalme hugeuza mwelekeo, nane na malkia huuliza swali linalopaswa kujibiwa papo hapo, na anayekaribia kumaliza hutangaza "niko kadi". Uganda wanauita matatu. Kule nane na jeki humnyima mpinzani zamu, na saba ya aina iliyowekwa chini ya pakiti ina uwezo wa kuukata mchezo ghafla. Ikishatupwa, kila mmoja huhesabu pointi alizobaki nazo, na mwenye chache ndiye mshindi.

Hapo ndipo thamani ya mchezo huu inapoonekana. Kabla ya kugawa, wageni wawili huulizana: ree inazuia mbili? Jokeri inalisha ngapi? Mtu anaruhusiwa kumalizia karata ya adhabu? Katika maswali hayo matatu kuna majadiliano, makubaliano na utii kwa sheria waliyoitunga wenyewe. Mtoto wa miaka minane akishalijua sharti, anaweza kumlisha babu yake karata nne, na babu hana budi kuzila.

Mchezo wa bao umeshapata wasomi wake. Mtafiti Alexander de Voogt aliwafuatilia mafundi wa bao wa Zanzibar na kuchapisha utafiti wake mwaka 1995. Tanzania nayo iliridhia mwaka 2011 mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika. Karata zinastahili uangalizi wa aina hiyo, kwa sababu zimekaa pwani kwa karne nyingi na zimeshapanda hadi nyanda za Ufipa.

Kazi yenyewe haihitaji bajeti kubwa. Walimu wa historia wa Kalambo na Sumbawanga wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi la likizo: waandike sheria za lasti kadi kama zinavyochezwa nyumbani kwao, kila karata na kazi yake, kila kosa na adhabu yake, jina la kijiji, mwaka, na ni nani aliyewafundisha. Madaftari hayo yakusanywe na kutunzwa shuleni, na nakala zipelekwe kwa maofisa utamaduni wa wilaya. Wazee waliojifunza mchezo huu utotoni bado wapo, waulizwe sasa.