Sinema katika Korogwe na Handeni

Sinema katika Korogwe na Handeni ni sehemu ya historia ya filamu nchini Tanzania inayohusu wilaya hizo mbili za Mkoa wa Tanga. Wilaya ya Korogwe inajulikana katika historia hiyo kwa sababu ya Vugiri, mahali palipo kwenye milima ya Usambara, ambapo filamu 35 zilitengenezwa kati ya mwaka 1935 na 1937 kwa ajili ya watazamaji Waafrika. Filamu zilizokuja kupendwa sana katika ukanda huu hazikuwa hizo, bali picha za Kihindi zenye nyimbo. Tofauti kati ya makundi hayo mawili inaonyesha jinsi watawala wa kikoloni walivyokosea kuhusu akili ya mtazamaji.

Filamu za Vugiri

Mpango wa Vugiri ulianzishwa na J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni. Davis alikuwa amechunguza maisha ya wafanyakazi wa migodi ya shaba huko Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), akaona kwamba filamu zingeweza kutumiwa kuwaelimisha watu waliokuwa wakikutana na mambo mapya. Sehemu kubwa ya fedha ilitolewa na Shirika la Carnegie la New York. Kazi yenyewe iliongozwa na Leslie Notcutt, aliyesimamia ufundi, na Geoffrey Latham, aliyesimamia upande wa elimu. Waigizaji walikuwa Waafrika.

Filamu hizo zilihusu kilimo, afya, kodi, kuweka akiba na mengineyo. Moja inaonyesha mashamba ya wakulima huko Kingolwira karibu na Morogoro, nyingine inahusu ugonjwa wa safura. Hizo mbili ni miongoni mwa filamu chache sana za Vugiri zinazojulikana kuwapo hadi leo, na zimehifadhiwa Uingereza.

Ufundi wa sauti ulikuwa wa aina yake. Maneno hayakurekodiwa kwenye mkanda wa filamu, bali kwenye sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha. Kwa njia hiyo filamu moja iliweza kuonyeshwa kwa Kiswahili mahali fulani na kwa lugha nyingine mahali pengine, kwa kubadilisha sahani tu. Lori lilibeba mitambo na kuzunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mpango ulikoma mwaka 1937, kwa kuwa serikali za makoloni hazikuwa tayari kuubeba zaidi. Mwaka huohuo Notcutt na Latham walitoa kitabu kuhusu kazi yao.

Mtazamaji aliyedhaniwa haelewi

Mwaka 1939 Uingereza iliunda kitengo chake cha filamu za makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi hiyo Nigeria. Sellers alishikilia kwamba Mwafrika asiyezoea sinema anahitaji filamu ya polepole, yenye hadithi inayokwenda moja kwa moja. Kuruka kutoka mahali hadi mahali, kurudi nyuma katika wakati na hila za kamera vilihesabiwa kuwa vitamchanganya. Hata Tanganyika, filamu za mapema za Kiswahili zilifuata hadithi nyepesi za mafunzo. Inayojulikana zaidi ni Muhogo Mchungu ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu.

Nadharia hiyo haikuhitaji mtaalamu wa kuipinga. Ilitosha kuingia katika jumba lolote la sinema la pwani siku ya picha ya Kihindi.

Picha za nyimbo

Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara, ilitoka mwaka 1931, nayo ilikuwa na nyimbo saba. Tangu hapo nyimbo zikawa uti wa mgongo wa filamu za nchi hiyo. Wafanyabiashara wenye asili ya Uhindi ndio waliokuwa na majumba mengi ya sinema Afrika Mashariki, na mjini Tanga jumba la Majestic lilikuwa mojawapo. Korogwe ilikuwa na njia nyepesi ya kufika Tanga, kwani reli iliufikia mji huo mwaka 1902. Mji wa Handeni haukupitiwa na reli, hivyo safari ilikuwa ya barabara.

Filamu iliyotia fora kuliko nyingi ni Awara (1951) ya Raj Kapoor. Inaanzia mahakamani: kijana anashtakiwa kwa kutaka kumwua jaji, na wakili wake, anayeigizwa na Nargis, anamhoji jaji huyohuyo. Kisha hadithi inarudi nyuma miaka mingi hadi kabla kijana hajazaliwa. Katikati kuna ndoto ndefu yenye nyimbo, mawingu, ngazi na mashetani. Kila alichokikataza Sellers kimo humo, tena kwa lugha ambayo watazamaji wengi hawakuijua, kwa muda unaokaribia saa tatu. Watu walielewa, walilia na walirudi kuitazama tena. Mother India (1957) nayo ni kumbukumbu za mama mzee mkulima aliyeteswa na deni la mkopeshaji. Kwa watu wanaoishi kwa jembe hadithi hiyo haikuhitaji mkalimani.

Sauti za nyimbo hizo hazikuwa za waigizaji. Mukesh aliimba na Raj Kapoor akachezesha midomo. Lata Mangeshkar aliwaimbia waigizaji wa kike wasiohesabika. Nyimbo zilitoka nje ya sinema zikaingia katika taarabu. Juma Bhalo wa Mombasa alipata sifa kwa kutia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi. Mjini Tanga kulikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi alivyoimbia Shakila Said.

Ubishi wa wapenzi wa filamu

Mwigizaji mkuu huitwa stelingi, na kanuni ya watazamaji wa Tanzania ni kwamba stelingi hafi. Ndiyo maana Sholay (1975) huzua ubishi hadi leo. Jai, anayeigizwa na Amitabh Bachchan, anakufa mwishoni, na wenzake Veeru na Thakur wanabaki. Wanaoitetea kanuni husema basi stelingi alikuwa Veeru. Wengine hujibu kwamba kanuni ilivunjwa. Kuhusu Mother India ubishi ni mwepesi zaidi: mama ndiye stelingi, ingawa anampiga risasi mwanawe mwenyewe.

Zipo pia filamu ambazo hazikupewa haki yake zilipotoka. Kaagaz Ke Phool (1959) ya Guru Dutt ilishindwa sokoni, naye hakuweka tena jina lake kama mwongozaji wa filamu yoyote. Leo huhesabiwa miongoni mwa filamu bora za Uhindi. Mera Naam Joker (1970), kisa cha mchekeshaji wa sarakasi, ina zaidi ya saa nne na mapumziko mawili. Ilimtia Raj Kapoor hasara kubwa. Urefu huo kweli unachosha, lakini nyimbo zake zimedumu kuliko za filamu nyingi zilizoleta faida.

Baada ya majumba ya sinema

Kuanzia miaka ya 1980 kanda za video zilifikisha filamu katika miji midogo isiyokuwa na jumba la sinema. Katika vibanda vya video alizuka msimuliaji anayeeleza picha kwa Kiswahili juu ya sauti yake ya asili. Aliyejulikana zaidi ni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Msimuliaji wa kibandani hufanya kazi iliyofanywa na sahani za santuri za Vugiri, ila yeye huongeza utani wake, na wimbo unapoanza mara nyingi hunyamaza.